Karatasi Arobaini na Saba

Machi 2
Kama dunia ingekuwa na haki hata chembe, sanamu yangu ingekuwa imesimama pale njia panda, na njiwa wangekuwa wanaizunguka kwa heshima bila kuthubutu kuichafua. Mimi ndiye kichwa kikali kuliko wote waliowahi kuacha shule. Mwalimu wangu mwenyewe alikiri kwamba katika miaka yake thelathini ya kufundisha hajawahi kukutana na mtu kama mimi. Hakufafanua, na mimi sikumuuliza, maana sifa ukiichokonoa sana hunyauka.

Naandika haya kwa sababu Mama Mdogo amenifukuza. Yeye hasemi amenifukuza. Anasema nimehamia kwa Babu "kumsaidia msimu huu wa mvua." Mama Mdogo ndiye aliyenilea tangu mama yangu, dada yake, alipofariki nikiwa bado natambaa. Amenivumilia miaka kumi na sita, sasa uvumilivu umekauka. Kanipa daftari hili, nililoliacha tupu siku nilipotoka shule, akasema, "Nenda kamalize kitu kimoja katika maisha yako."

Basi nitamaliza daftari.

Machi 3
Mvua. Paa la Babu linavuja mahali sita. Nimetega ndoo tatu, sufuria mbili na kofia ya Babu. Ameuliza kofia yake iko wapi. Nimemwambia iko kazini.

Machi 5
Babu ana macho yenye ukungu. Anaona mwanga na kivuli, basi. Kifua chake kinapiga filimbi kila anapovuta pumzi, ila ulimi ni mzima kabisa. Ameshanibatiza Nusu. Anasema nina nusu ya kila kitu: nusu ya shule, nusu ya ndevu, nusu ya adabu.

Leo ndiyo nimeelewa alikuwa akifanya kazi gani. Enzi zile, kabla filamu kubwa haijaanza pale sinema, ilikuwa inatangulizwa katuni fupi ya dakika moja au mbili. Hizo alizichora yeye, peke yake, kwa penseli, kwenye hiki chumba cha nyuma chenye meza ya kioo na balbu chini yake. Karatasi kumi na mbili kwa kila sekunde moja. Yaani mtu wa kwenye katuni akinyanyua mguu na kuutua, Babu kachora kumi na mbili. Kisha kila karatasi inapigwa picha, moja baada ya nyingine.

Nikamwambia, "Babu, siku hizi simu inafanya yote hayo ukiwa bado unafunga kamba za viatu."

"Simu yako ina mkono?"

"Ina kamera."

"Nimeuliza mkono, Nusu."

Machi 8
Tumefungua makopo ya filamu. Thelathini na moja. Kila nikifungua moja, harufu ya siki inanipiga usoni. Mikanda imegandana, mingine imevimba, mingine imekuwa unga wa kahawia. Babu alikaa kwenye kigoda, mkononi kashika ile penseli anayotembea nayo mfukoni hata akienda chooni.

"Lipoje?"

"Limeharibika, Babu."

"Hilo lilikuwa la mbwa na ngazi. Jingine."

"Limeharibika."

"Hilo la harusi ya vijiko. Jingine."

Ikawa hivyo mpaka la thelathini na moja. Hakulia. Alisema tu, "Nilijua. Pua yangu haijaingia ukungu." Kisha akanituma chai, na nilipoileta aliiacha ikapoa.

Imebaki kazi moja tu. Filamu yake imeoza kama nyingine, lakini michoro yenyewe ipo, kwenye maboksi matatu chini ya kitanda. Karatasi za katuni nyingine zote zilichukuliwa na wenye maduka wakafungia sukari. Hii hakuwapa. Ni ya msichana anayeruka kamba. Sinema ilifungwa kabla haijaonyeshwa, kwa hiyo hakuna mtu duniani aliyewahi kuiona.

Machi 9
Amekuja Fundi Kamera, rafiki wa Babu, mrefu, mkimya, shati limechomekwa vizuri. Yeye ndiye aliyekuwa akimpigia Babu picha zamani. Anayo bado ile kamera, na roli moja ya mkanda. Moja. Hakuna tena mahali zinapouzwa.

"Ukikosea hakuna kurudia," akamwambia Babu.

"Lini nilikosea?"

"Sikusemi wewe," Fundi akajibu, akanitazama mimi.

Mpango ni huu: mimi nakausha karatasi, nazipanga kwa namba zilizo pembeni, nampelekea Fundi. Yeye anazipiga upya, mkanda anausafisha mwenyewe, kisha tunaiweka kwenye projekta ya Babu. Daktari kamwambia Mama Mdogo kwamba kifua hiki hakitaona mvua za mwakani, na Mama Mdogo kaniambia mimi. Babu hakuambiwa, ila wakati Fundi anaondoka alimshika mkono akasema, "Nataka atembee ukutani mara moja, nikiwa hapa."

Kazi ya mtoto mdogo. Ningeweza kuifanya nimelala.

Machi 10
Karatasi elfu moja mia nne na arobaini. Nimezihesabu. Siyo nimelala.

Machi 12
Nimekwenda kunyolewa. Nikajitapa kwa kinyozi, mzee wa makamo mwenye kitambi, kwamba babu yangu alikuwa akitengeneza katuni. Mashine ikazimwa.

"Yule wa Bwana Mwavuli?"

Sikujua Bwana Mwavuli ni nani. Kinyozi akaweka mashine chini, mimi kichwa kimenyolewa upande mmoja, akaanza kutembea katikati ya duka. Tumbo mbele, magoti juu, mkono mmoja unavutwa na mwavuli usioonekana unaotaka kwenda upande wa pili. Anavuta, mwavuli unavuta, anausihi, unamchapa matakoni. Wateja wawili walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

"Nilikuwa na miaka saba," akasema, anahema. "Tulikuwa tunawahi sinema kwa ajili ya ile dakika moja. Filamu kubwa ikianza, wengine tunatoka zetu. Hivi zipo bado?"

Nikasema zipo. Ningesemaje? Mtu keshachukua wembe.

Nimemsimulia Babu. Akauliza kitu kimoja tu: "Goti la kushoto alilichelewesha?"

"Nafikiri."

"Basi anakumbuka," akasema, akageukia ukuta.

Machi 15
Leo akili yangu imeokoa maisha ya mtu. Mvua imepiga tangu alfajiri, makaa yamelowa, na Babu alikuwa anatetemeka, midomo imekuwa ya buluu, anahitaji mvuke wa maji ya moto kwa ajili ya kifua. Kiberiti kinawaka, makaa yananitazama tu. Karatasi safi za Babu zimelowa, hata daftari hili lina unyevu; zilizokauka ni zile tu.

Sasa sikiliza jinsi kichwa changu kinavyofanya kazi. Wakati wa kuzipanga nilikuwa nimegundua jambo. Kuanzia namba 811 hadi 858 ni mchoro uleule. Msichana ameacha kuruka, amesimama, kamba iko chini, anakutazama. Mara arobaini na nane! Mzee alisinzia au vipi? Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba mtu akisimama, mchoro mmoja unatosha, unaupiga picha mara nyingi unavyotaka. Nikaibakiza 811. Arobaini na saba nikazitia jikoni, moja moja, makaa yakashika, maji yakachemka, Babu akavuta mvuke chini ya shuka, midomo ikarudi rangi.

Akanyoosha mikono kwenye jiko. "Leo moto umeuwasha vizuri, Nusu."

Siku yake ya kwanza kunisifu. Sikumwambia nimetumia nini. Bingwa hafichui siri zake.

Machi 16
Mvua. Sufuria moja imetoboka.

Machi 19
Jua lilitoka kwa saa moja hivi. Babu yuko vizuri, anatukana kuanzia asubuhi. Nikamtania, "Babu, mlango wenyewe unaugonga kwa paji la uso. Ulichora kweli wewe, au unatia chumvi?"

Akasema, "Nipe ile anaposimama. Na karatasi safi."

Nikampa 811. Akaitandika juu ya kioo cha meza, akapapasa mistari kwa vidole. Huwa anakandamiza penseli mpaka karatasi inabaki na mfereji. Akaweka karatasi safi juu yake. Akafumba macho, ati yanamsumbua. Kisha akachora. Uso, shingo, bega, gauni, mguu, kamba. Hakupapasa tena. Mkono ulikuwa unakwenda kama mtu anayerudi nyumbani kwake gizani na hahitaji taa. Pembeni akaandika namba: 812.

Nikaangalia. Sawasawa na ya chini yake. Nikajisemea, mzee wa watu, anadhani kachora nyingine.

"Macho yamekwenda," akasema, "mkono bado unamkumbuka. Kama kuna iliyolowa au iliyoliwa na panya, niambie sasa. Nitairudishia. Zimetimia?"

"Zimetimia, Babu."

Hiyo aliyochora nimeibandika mwisho wa daftari hili, kwa kumbukumbu.

Machi 24
Ningependa leo niandike mstari mmoja tu.

Mama Mdogo amekuja kumwona Babu. Alikuta karatasi nimezitandaza kitandani kwangu kwa mafungu. Akaokota moja, akakaa chini taratibu kama mtu aliyeambiwa habari.

"Hata kovu la gotini ameliweka," akasema.

"Kovu la nani?"

"La mama yako. La nani tena?"

Nilidhani ananitania. Nikacheka. Hakucheka.

"Hukujua? Baba aliichora mwaka tuliomzika. Alimchora akiwa na miaka tisa, wakati bado mzima na mwenye mbio. Alijifungia humu mwaka mzima. Mimi nakulea wewe, yeye anamlea yule."

Mimi sina picha ya mama. Ipo moja ya kikundi shuleni, uso wake umefunikwa na mkono wa jirani. Na nilikuwa nimeishi na uso wake wiki mbili, naufuta vumbi, naupanga kwa namba.

Babu akadakia kutoka kitandani kwake, "Mwambie kuhusu pale anaposimama."

"Mwambie wewe, Baba."

"Nusu, njoo hapa. Kukimbiza mtu kwenye karatasi ni rahisi. Kurusha, kuangusha, rahisi. Kazi ni kumsimamisha. Ukimchora mara moja ukampiga picha mara mia, unaona kabisa pale ukutani kwamba amekufa. Anakuwa karatasi. Lazima umchore upya kila mara, palepale, na kila mara mkono unakosea kidogo, unywele huku, unywele kule. Zikipita haraka, huko kukosea ndiko kunakompa pumzi. Sekunde nne nzima anakutazama na anapumua. Arobaini na nane. Ilinichukua wiki sita."

"Wiki sita kwa sekunde nne?" nikauliza.

"Nilikuwa sina haraka. Nikimaliza hapo, inayofuata anageuka anaondoka."

Mama Mdogo alitoka nje. Babu akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake baridi.

"Zimetimia zote? Hizo hasa?"

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuhesabu ndevu zake. Mtu mwingine angesema. Mimi nilifikiri jinsi atakavyoniita, na Mama Mdogo atakavyonitazama kutoka mlangoni. Nusu ya kila kitu, na sasa na hii.

"Zimetimia, Babu."

Machi 25
Mvua.

Machi 26
Mvua. Nimejaribu kuchora mwenyewe. 811 chini, karatasi safi juu, balbu imewaka. Nimechora tano. Ya kwanza ana jicho la mbuzi. Ya tano anafanana na kinyozi. Nimezitupa kwenye shimo la choo.

Machi 28
Nimempelekea Fundi Kamera maboksi. Akaanza kuhakiki namba kwa kidole, hana papara.

"Mia nane kumi na moja. Halafu mia nane hamsini na tisa." Akainua macho. "Zile nyingine?"

"Panya."

"Panya."

"Nyumba ile ina panya, Fundi, wakubwa kama paka."

"Na wanajua kuhesabu? Wameanza mwanzo wa kusimama, wameishia mwisho wa kusimama, hawajagusa ya kabla wala ya baada."

Nikatazama juu. Mvua ilikuwa inapiga bati la karakana yake.

"Mzee umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema... hiyo moja iliyobaki, uipige mara nyingi. Zijaze tu zile sekunde nne."

Fundi akaiweka 811 chini. "Amesema hivyo? Yeye?"

"Kachoka, Fundi. Anataka iishe."

Hapo nilimpata, maana hilo lilikuwa kweli. Akainamisha kichwa. "Nitakuja nimwone," akasema. Lakini ana mkanda mmoja na kazi ya siku nyingi, na mimi nikampa sababu kumi za kutokuja: mzee analala, mzee anakohoa, mzee hataki wageni. Kwa uongo hakuna aliyewahi kunishinda.

Aprili 1 hadi 6
Tunapiga picha. Mimi naweka karatasi, Fundi anabonyeza mara mbili, natoa, naweka nyingine. Mgongo umekatika. Tarehe 4 ndiyo tulifika 811. Niliiweka chini ya kamera, Fundi akabonyeza mara tisini na sita. Mimi nilisimama pembeni mikono mitupu, sina cha kubadilisha.

Aprili 9
Babu hainuki tena kitandani. Analishwa kijiko. Penseli bado iko mfukoni mwa shati la kulalia. Amenong'ona, "Imefika wapi?"

"Fundi anasafisha mkanda."

"Kama kuna... pengo... niegemeze mto. Bado naweza."

Mkono ulitoka chini ya shuka, ukachora kitu hewani, mstari wa bega, thabiti, bila kutetemeka.

"Zimetimia, Babu. Lala."

Aprili 13
Leo imetembea ukutani. Saa nane mchana, tumeziba madirisha kwa mablanketi. Waliokuwepo: Babu ameegemezwa mito, Mama Mdogo kamshika mkono, Fundi kwenye projekta, na kinyozi, ambaye nilimwalika mimi, amekuja na kiti chake.

Projekta ikaanza kukereza. Na yule pale.

Sijui niandikeje. Nimezishika karatasi zile mwezi mzima, nikadhani nazijua. Aliingia kutoka kona ya ukuta akiruka kamba, na gauni lilichelewa nyuma yake nusu pumzi, kama nguo halisi. Viatu vilikuwa vikubwa kwake. Alijikwaa, akasonya, akarekebisha kisigino kwa kidole, akaendelea. Kinyozi alicheka kwa sauti ya mtoto wa miaka saba. Mama Mdogo alisema, "Viatu vyangu hivyo! Alikuwa ananiibia viatu!" Nilimwona mama yangu akijikwaa. Nilijua kwa mara ya kwanza kwamba namna ninavyosonya mimi nimeitoa kwake.

Kisha akasimama akatutazama.

Na akafa. Vilevile alivyosema Babu. Kila kitu kilikuwa hai, na ghafla pale ukutani kukawa na karatasi. Macho hayakuwa yanatazama, yalikuwa yamechorwa. Sekunde nne ni ndefu. Kinyozi alikohoa. Fundi aliinama chini. Mama Mdogo aligeuza kichwa polepole akanitazama mimi, si ukuta.

Babu hakuona. Kwake ulikuwa mwanga tu na kivuli. Alikuwa anahesabu kwa kidole juu ya shuka.

"Amesimama?" akauliza.

"Amesimama, Babu."

"Anapumua?"

Wote walinisubiri mimi.

"Anapumua," nikasema.

Akatabasamu. Ukutani msichana aliokota kamba, akageuka, akaondoka.

Aprili 17
Babu amefariki asubuhi. Mvua haikunyesha.

Aprili 18
Tumezika. Mama Mdogo hajaniuliza kitu. Ningependa aniulize.

Aprili 27
Kinyozi amenisimamisha njiani. Kasema ilikuwa nzuri, ila pale katikati mashine ilikwama kidogo, siyo? Nikasema ndiyo, mashine ilikwama.

Mei 6
Mvua zimekwisha. Paa limekauka, nimelitia viraka vitano. Limebaki tundu moja juu ya kitanda, nalo ni dogo.

Nimelisoma daftari lote tangu mwanzo. Nimemaliza kitu kimoja, kama nilivyoagizwa. Nilipofika mwisho nikaikuta ile karatasi niliyoibandika Machi 19. Nikaibandua, nikaiweka juu ya 811 kwenye meza ya kioo, nikawasha balbu. Hazifanani. Bega limeshuka kiasi cha unywele. Gauni limejaa kidogo kifuani. Nikashika ukingo kwa kidole gumba, nikawa naifunua na kuirudisha, ya juu, ya chini, ya juu, ya chini, haraka.

Alivuta pumzi. Akaishusha. Akavuta tena, ananitazama.

Nilikaa naye mpaka kidole kikafa ganzi. Mbili tu, na anapumua. Ya pili aliichora kwa dakika chache, macho amefumba, huku namcheka.

Nimelaumu makaa. Nimelaumu panya mbele ya Fundi, na mashine mbele ya kinyozi. Karatasi arobaini na saba niliziunguza bila kujua ni nini, na mzee alikuwa anatetemeka, na labda hata yeye angeziunguza. Hilo ningeweza kulala nalo. Lakini aliniuliza Machi 19, akaniuliza Machi 24 nikiwa najua, akaniuliza Aprili 9 mkono wake uko hewani. Penseli ilikuwa mfukoni. Nilisema zimetimia.